Nusu Siku kwa Miguu: Nyumba za Ibada za Butembo, na Deni Letu kwa Beni



Nimeombwa nizungumze juu ya matembezi ya kuongozwa, ya nusu siku, katika mji wenye dini nyingi. Mfano ambao wasemaji wa Kiswahili wanaujua zaidi ni Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Butembo yetu haina majumba ya mawe wala milango ya kuchongwa. Ni mji wa udongo mwekundu, matofali na mabati, uliokuzwa na wafanyabiashara wake kuliko serikali yoyote. Hata hivyo nasema tangu mwanzo kwamba matembezi hayo yanawezekana hapa, na yanahitajika hapa kuliko Unguja. Wanaopaswa kutembezwa kwanza ni sisi wenyeji, tunaopita kila siku mbele ya nyumba ya ibada ya jirani bila kujua ndani kuna nini.

Tuanzie Unguja hata hivyo, kwa kuwa kuna jambo la kujifunza. Mgeni huko huanza asubuhi, mara nyingi Forodhani, akapita vichochoro vyenye misikiti, akaonyeshwa hekalu la Wahindu na kanisa kuu la Wakatoliki la Mtakatifu Yosefu, kisha akafikishwa Mkunazini. Pale Waanglikana walijenga kanisa lao kuu mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Na Shangani huonyeshwa nyumba ya Hamed bin Muhammed, yule tunayemjua kwa jina la Tippu Tip. Mkongomani akifika mbele ya nyumba ile hana budi kusimama kidogo. Utajiri uliomjengea mwenyewe nyumba hiyo ulitoka kwetu: pembe na watu wa Manyema, na misafara iliyozidi kupanda kaskazini hadi msitu wa Ituri. Stanley alipouvuka msitu huo katika safari ya kumtafuta Emin Pasha, mwaka 1887, aliwakuta Wamanyema wamekwisha kupiga kambi humo. Uislamu na Kiswahili vilitufikia kwa njia hiyohiyo. Basi sisi na Unguja tumekaa kwenye ncha mbili za barabara moja, na kiongozi wa Mkunazini haifichi ncha yake. Anawapeleka watu mahali penye aibu na kusema yaliyotendeka. Huo ndio ujuzi ninaotaka tuuazime.

Sasa njia ya Butembo, kama ninavyoipendekeza.

Siku iwe ya katikati ya juma. Ijumaa msikiti una shughuli zake, Jumamosi ni ya Waadventista, Jumapili ni ya wengine wote. Watu wakutane saa moja na nusu asubuhi, kabla ya jua kali na vumbi, na katika miezi ya masika kabla ya mvua ya mchana, maana vilima vyetu vikilowa ni utelezi mtupu. Wazee wapande pikipiki kufika kituo cha kwanza. Hakuna aibu yoyote.

Kituo hicho kiwe Katwa. Wamisionari Wabatisti kutoka Marekani waliweka misheni hapo wakati wa Wabelgiji, na hospitali ya Katwa leo iko mikononi mwa Wabatisti wa CBCA. Kiongozi asiishie kwenye majina ya wazungu. Aeleze pia ugomvi mkubwa uliowagawa Wabatisti wa Kivu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati uhuru ulipoleta swali la nani atashika shule, hospitali na mali za misheni. Swali hilo halijaisha kwa dhehebu lolote, na kulisikia likisemwa na Mbatisti mwenyewe ni somo kwa Mkatoliki.

Katwa ina jambo jingine zito zaidi, na hapa ningependa kundi lipewe muda wa kutosha, hata nusu saa. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia upande wa Mangina, na ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Mwanzoni mwa mwaka 2019 Katwa na Butembo ndizo zilizokuwa zikiwaka. Tarehe 24 Februari kituo cha matibabu cha Katwa kilishambuliwa na kuchomwa. Siku tatu baadaye kile cha Butembo kikafuata. Tarehe 19 Aprili, Ijumaa Kuu, daktari Richard Mouzoko kutoka Kamerun, aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika kliniki za Chuo Kikuu cha Graben.

Kwa nini mji wa watu wanaosali sana ulifika hapo? Kiongozi asikwepe swali hili, wala asiwalaumu watu kwa ujinga. Mwisho wa Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi iliahirisha kura ya Beni na Butembo mpaka Machi, ikitaja Ebola na usalama, na rais akaapishwa bila kura zetu. Wengi wakaona ugonjwa ni kisingizio. Tena mazishi yaliguswa: Mwislamu hakuweza kumwosha maiti wake, mama Mnande hakuweza kumshika mtoto wake kwa mara ya mwisho. Viongozi wa dini ndio waliobeba kazi ngumu ya kusema mbele ya watu wao kwamba kutoosha si kumdharau marehemu. Ningetamani kuwasikia shehe na mchungaji wakieleza hayo mahali pamoja, kila mmoja alivyowaambia watu wake. Hakuna jengo la kale litakalomfundisha mwanafunzi zaidi ya hapo.

Kutoka Katwa kundi lije katikati ya mji, kwenye kanisa kuu la Wakatoliki. Mapadri Waasumption walifika eneo letu mwaka 1929. Henri Piérard akawa askofu wa kwanza mwaka 1938, jimbo la Beni likaundwa 1959, na mwaka 1967 likapewa jina tunalolitumia, Butembo-Beni. Tarehe hizi zitajwe upesi, ili muda ubaki kwa Mosenyeri Emmanuel Kataliko. Aliliongoza jimbo hili tangu 1966 hadi 1997, na Chuo Kikuu cha Graben, kilichofunguliwa mwaka 1989, ni tunda la juhudi zake. Akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu alisema wazi juu ya mateso ya watu chini ya vita, na Februari 2000 waasi wa RCD walimzuia huko na kumleta uhamishoni hapa Butembo, kwao. Alirudi Bukavu Septemba, na tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo akafariki Roma. Vijana wengi wanalijua jina lake bila kujua kwamba mji huu uliwahi kuwa kifungo chake. Waambiwe.

Kwa Waanglikana, ambao askofu wao wa Kivu ya Kaskazini ana makao Butembo, kiongozi amtaje Apolo Kivebulaya, Mganda aliyevuka hadi Mboga mwaka 1896. Dhehebu hilo lililetwa upande wetu na miguu ya Mwafrika. Wakimbangu na Waadventista wenye chuo chao Lukanga watajwe njiani. Nusu siku haitoshi kuingia kila mlango.

Matembezi yaishie msikitini, kabla ya adhuhuri, na kundi liombe ruhusa ya kukaa nyuma wakati wa sala. Nimeuweka msikiti mwisho kwa sababu ya Beni.

Wote hapa mnajua damu iliyomwagika Beni tangu Oktoba 2014 kwa mikono ya waasi wa ADF, ambao wanaua huku wakitaja Uislamu. Mnajua pia jinsi Mwislamu wa kawaida, muuza vitambaa au mwalimu, anavyotazamwa sokoni. Lakini tarehe 1 Mei 2021 Shehe Ali Amini, aliyekuwa akiwapinga hadharani wenye itikadi kali, alipigwa risasi msikitini Beni. Chini ya siku sitini baadaye, tarehe 27 Juni, bomu lililipuka katika kanisa Katoliki la Emmanuel-Butsili, mji uleule. Na mapadri watatu wa parokia ya Mbau, waliotekwa Oktoba 2012, hawajarudi. Kijana anayeyasikia mambo haya matatu kwa mpigo, katika ua wa msikiti, hataweza tena kuligawa kaburi la Beni kwa dini.

Kuhusu kazi ya kiongozi, sina mengi. Asihubiri. Kila nyumba izungumzwe na mwenyeji wake, naye kiongozi aunganishe tu. Viatu, mavazi na picha vielezwe kabla ya kuondoka, na kwa kuwa mkoa uko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021, meya aarifiwe mapema na askari wasipigwe picha. Malipo ya wageni yagawanywe sawa kati ya nyumba zilizotembelewa, wanafunzi wasilipe.

Kwa Beni siombi matembezi ya mji mzima kwa sasa. Mji umejaa waliokimbia vita, na tangu Goma ianguke Januari 2025 umebeba pia serikali ya mkoa. Naomba walimu na wanafunzi wa Beni waje Butembo kwanza. Na ninaiomba meza hii, kabla hatujatawanyika leo, kila dini itaje mzee mmoja atakayepokea kundi la kwanza na siku anayokubali, ili katibu aandike.