Makato ya Elimu Yawe ya Haki na ya Wazi

(Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Mmezoea kuniona nikija kupekua leja zenu. Leo nimekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo leja peke yake haiwezi kulieleza, nalo ni fedha tunazomkata mkulima kwa ajili ya shule.

Kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ilifikishwa hadi kidato cha nne. Watoto walijaa madarasani, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kufuta ada hakujengi darasa. Kijiji kinapopungukiwa na saruji na mabati, macho yote hugeukia mizani ya chama, kwa kuwa hapo ndipo mkulima anapokutana na fedha.

Sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha kahawa kilichokuwa kikikata fedha za elimu kwa kila kilo. Jumla zililingana, stakabadhi zilikuwapo. Nikaandika kwamba hesabu ni sahihi. Katika mkutano mkuu bibi mmoja akasimama akaniuliza: “Mwanangu, ni mkutano gani uliokubali tukatwe? Na lile darasa mbona halina paa?” Nikarudi kwenye muhtasari wa mikutano. Azimio halikuwapo. Makato yaliyotangazwa kwa msimu mmoja yalikuwa yamefika msimu wa tatu. Hakuna aliyeiba, fedha ziliwekwa katika akaunti moja na fedha za uendeshaji, zikalipia usafiri wa kahawa. Kuta zilinyeshewa mvua misimu miwili. Mimi nilikuwa nimekagua hesabu, sikukagua haki.

Sasa tutazame jinsi makato yanavyofanya kazi. Ushuru wa mazao wa halmashauri hutozwa kwa asilimia ya thamani. Mwaka 2017 sheria iliupunguza kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Nia ilikuwa kumpunguzia mkulima mzigo. Lakini halmashauri inapopata pungufu, na chama kikaziba pengo kwa makato yake, mzigo ule ule humrudia mkulima kwa mlango mwingine.

Chukueni mfano. Mwanachama ameleta kilo 400, bei ni shilingi 5,000. Mauzo yake ni shilingi 2,000,000. Tukimkata shilingi 100 kwa kilo, atatoa shilingi 40,000, yaani asilimia 2. Msimu ujao bei ikianguka hadi shilingi 2,500, mauzo yatakuwa shilingi 1,000,000, lakini makato yatabaki shilingi 40,000, yaani asilimia 4. Kipato kimepungua nusu, uzito wa makato umekuwa maradufu. Asilimia ni afadhali kwa mkulima, maana hupanda na kushuka pamoja naye.

Hata hivyo nisiwafiche upande wa pili. Asilimia humlinda mkulima lakini huitikisa shule, kwa kuwa bei ikianguka mfuko nao hupungua. Tena kahawa huzaa sana mwaka huu, ikapumzika mwaka ujao. Kwa hiyo makisio ya ujenzi yasipangwe kwa mavuno ya mwaka wa neema. Yapangwe kwa mwaka wa haba, na ziada ya mwaka mwema iwekwe akiba.

Lipo pia swali la nani alipe. Mwenye duka na mwenye nyumba za kupangisha nao wana watoto katika shule ile ile, lakini hawapiti kwenye mizani yetu. Ipo kodi ya majengo, ambayo ukusanyaji wake ulihamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato mwaka 2016. Mwaka 2021 ilianza kukatwa kupitia malipo ya umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi shilingi 1,500. Kiwango hicho ni kimoja kwa nyumba ndogo na kwa nyumba kubwa isiyo ya ghorofa. Nayo basi ina kasoro ile ile ya makato ya kilo: haiangalii uwezo. Madiwani wetu waambiwe hayo, na waulizwe fedha za shule zinatoka wapi, kabla chama hakijamkata mwanachama.

Ndugu makatibu, nawasihi mambo manne. Kwanza, makato yoyote yaidhinishwe na mkutano mkuu, na muhtasari utaje kiasi, kazi itakayofanywa, na siku ya kukoma. Pili, fedha hizo ziwe na akaunti yake, wala zisikopwe hata kwa siku moja. Tatu, stakabadhi ya mkulima ionyeshe makato hayo katika mstari wake. Nne, mtoto wa asiyekuwa na mavuno asinyanyapawe wala kurudishwa nyumbani. Darasa ni la kijiji kizima.

Wanachama nanyi msinyamaze. Mkaguzi huja mara moja kwa mwaka, ninyi mko pale kila siku. Swali la bibi yule lilikuwa ukaguzi bora kuliko wangu. Darasa lile liliezekwa baadaye, baada ya mkutano mkuu kupitisha azimio na kufungua akaunti mpya. Ningependa msingoje mvua mbili ndipo muulize.