Kalamansi si Pambo Tu

Msikilizaji, kalamansi, jamii ya mchungwa inayopendwa Ufilipino, huuzwa kwingi kama pambo, ilhali ni mti wa jikoni. Tunda lake lina upana wa sentimita 3 hivi. Ganda lina utamu, maji yake ni makali kama ya ndimu, na Wafilipino huyakamulia samaki na tambi za pansit. Wapo wasemao mti wa chunguni hauzai. Si kweli: kalamansi hujichavusha wenyewe, hata ukiwa peke yake barazani. Kinachouangusha ni maji yaliyotuama. Mizizi huoza, majani hugeuka njano, na mwenye mti, kwa huruma, huzidi kumwagilia! Toboa chungu chini, kiweke juani, mwagilia udongo wa juu ukikauka. Matunda usiyavute, ganda litachanika. Yakate kwa mkasi.