Dozi ya Mwenzio Si Yako



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya ufamasia. Nimechagua maradhi ambayo akina mama wetu huyaficha kwa haya: maambukizi ya njia ya mkojo.

Naanza kwa kukiri kosa. Mwaka 2016 mama mdogo alinipigia simu. Mkojo ulikuwa ukimchoma, naye alikuwa na vidonge vya nitrofurantoini vilivyobakishwa na binti yake. Nikamwambia avimeze. Sikumwuliza kama ana homa, wala kama ubavu unamuuma. Siku ya tatu alilazwa hospitali. Maambukizi yalikuwa yamekwishapanda kwenye figo.

Dawa ile hukusanyika katika mkojo, lakini katika damu na nyama ya figo haifikii kiasi cha kuua vijidudu. Hutibu kibofu tu. Na figo zikiwa dhaifu, kama zilivyo za wazee wetu wengi, hata kwenye mkojo haifiki ya kutosha.

Hapa Uingereza, mwanamke asiye mjamzito mwenye maambukizi ya kibofu hupewa vidonge vya kuyeyuka polepole, miligramu 100 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula, kwa siku 3. Marekani kwa kawaida ni siku 5. Mwanamume hutibiwa siku 7. Mjamzito huchaguliwa dawa kwa kutazama miezi yake. Fosfomisini hunywewa gramu 3, mara moja tu. Basi masalio ya mwenzio si dozi ya mtu yeyote.

Liko pia jambo la damu yetu wenyewe. Upungufu wa G6PD ni mwingi kwa watu wa Oman, na katika ukoo wetu umo. Mwenye upungufu huo, nitrofurantoini yaweza kumvunjia chembe nyekundu za damu. Mwambieni daktari kabla hajaandika dawa.

Ombi langu ni hili: tusipelekeane vidonge katika mizigo. Na mwenye homa, kutapika au maumivu ya ubavu aende hospitali siku ile ile, asingoje simu yangu.

Mama mdogo alipona, naye ameketi mbele yangu. Ameniruhusu niyaseme haya.