Kijana Akitaka Kuacha Chuo Anunue Ploti

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa vikundi)

Mmetuomba tuzungumze juu ya jambo ambalo sasa limefika kwa vikundi zaidi ya kimoja. Kijana yuko chuo, amebakisha mwaka mmoja au miwili. Anakuja likizo, anamwambia mamake, "Mama, hii karo tuitie kwa ploti." Mama naye ni mwanachama, kwa hivyo anakuja kwenu kuomba mkopo. Kikundi kijibu nini?

Kwanza tusimcheke. Kijana ameona kitu cha kweli. Ameona wenye diploma wamekaa nyumbani bila kazi, na ameona jirani aliyenunua kando ya barabara kabla ya lami akiuza kwa bei ya juu. Ukimwambia tu "soma mtoto wangu, soma", hujamjibu. Yeye amekuja na hesabu. Nasi tufanye hesabu.

Ekari moja ni futi mraba 43,560. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi 5,000. Kwa karatasi unaona ploti nane na kitu. Lakini lazima ukate njia ya kuingia, kwa hivyo huenda zikabaki saba. Tuseme, kwa mfano, ekari hiyo ni shilingi 1,400,000. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu asilimia 2 mashambani, yaani 28,000; mjini ni asilimia 4, yaani 56,000. Kuna wakili, kuna mpima ardhi, kuna ruhusa ya kaunti ya kugawa shamba, na taito mpya ya kila ploti. Ukiuza kuna kodi ya faida, asilimia 15 tangu Januari 2023, ingawa shamba dogo la kilimo nje ya mji huweza kusamehewa.

Hizo gharama moja moja si za kutisha. Kinachoumiza ni muda. Ng'ombe utampeleka sokoni Jumanne urudi na pesa. Ploti yaweza kungoja mnunuzi mwaka, hata miwili, na mkopo wa kikundi unataka kulipwa kila mwezi. Kijana hana mshahara. Basi anayelipa ni mama, kwa maziwa na kuku wake. Tena wadhamini wake ni ninyi mlioketi hapa.

Halafu kuna karatasi. Shamba la kilimo haliuzwi wala kugawanywa bila idhini ya bodi ya ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu kuandikiana. Bila idhini, mauzo hayo ni bure mbele ya sheria. Ni kweli sheria yasema pesa zidaiwe kama deni, lakini haya, nenda ukamdai mtu aliyekwisha kuzila.

Hata taito yenyewe si mwisho wa maneno. Mwaka 2023, katika kesi ya ploti ya Nyali, Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema kuwa na taito hakutoshi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, nyumba zilibomolewa kule Athi River kwenye ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Wengi waliolia siku ile walikuwa wamenunua kwa pesa zao wenyewe, na si watoto wadogo. Kwa hivyo kufanya sachi kwa afisi ya ardhi ni mwanzo tu. Uliza wazee na majirani shamba lilitoka kwa nani.

Wengine husema, "Mimi sitanunua, nitakuwa broka tu." Kumbe kuuzia watu ardhi kwa malipo nako kuna sheria yake, Sura 533, na anayefanya kazi hiyo hutakiwa kusajiliwa.

Je, tunasema kila mtu abaki chuo? La. Kuna kozi ambazo kijana alisukumwa tu, na kuna vyuo ambavyo karo inaingia na mafunzo hayaonekani. Huyo kuondoka si dhambi. Lakini aondoke kwa barua, akiomba kuahirisha masomo, ili mlango usifungwe. Akitoroka tu, mkopo wa HELB utamfuata bado. Na kama ni ardhi anayoipenda, ardhi inasomewa: Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha mambo ya nyumba na thamani ya ardhi, na kuna chuo cha upimaji na ramani kule Ruaraka.

Shauri letu kwa vikundi ni hili. Pesa zilizoombwa kwa karo zisigeuzwe kuwa za ploti. Badala yake, mpeni huyo kijana, awe mvulana au msichana, kazi wakati wa likizo: afuate ununuzi mmoja wa mwanachama tangu sachi hadi bodi, aketi kwenye benchi la afisi, aone faili ikipotea na kupatikana. Bado akitaka baada ya hapo, aje mbele ya kikundi na hesabu iliyoandikwa, aonyeshe atalipa na nini ploti isipouzika. Mama asitumwe kumwombea.

Mweka hazina ana nakala ya fomu ya bodi ya ardhi. Wanaotaka kuiona wamwone kabla hatujanywa chai.