Ng'ombe Hawakai Boma Moja: Tuzungumze Habari za Hisa

(Hotuba iliyotolewa kwa wawakilishi wa vikundi vya kuweka na kukopa vya wilaya za Mbulu na Hanang)

Wengine mmetoka Basotu na Endasak, wengine Dongobesh na Haydom, na barabara zetu tunazifahamu.

Mmetuletea swali moja: je, fedha za kikundi zinaweza kununua hisa? Kabla ya kujibu tunakiri kosa letu. Kwa miaka mingi tuliwafundisha kuweka na kukopa, lakini habari za hisa tuliziita mambo ya watu wa mjini. Kimya chetu kiliwaachia nafasi wengine. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha DECI, iliyokuwa imewaambia watu wapande mbegu kisha wavune maradufu. Shamba halikuwapo. Aliyevuna alilipwa kwa fedha za aliyepanda nyuma yake. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake, na tangu hapo wengi wetu tukisikia neno "kuwekeza" tunashika mfuko.

Hisa ni kitu kingine. Ni sehemu ya umiliki wa kampuni inayofanya kazi: benki, kiwanda cha saruji, kiwanda cha bia. Kampuni ikipata faida inaweza kukugawia sehemu yake, nayo huitwa gawio. Kampuni ikikua, bei ya hisa yako inaweza kupanda. Ikiyumba, inashuka.

Wazee wetu, Wairaqw na Wabarbaig, hawahitaji somo refu hapa. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote boma moja. Aliwagawa kwa ndugu na rafiki, mmoja bondeni, mwingine mlimani. Mtunzaji alikunywa maziwa, na mwenye mali alibaki na ng'ombe wake na ndama. Ugonjwa ukiingia boma moja, mengine yalisalia. Kabla ya kumkabidhi mtu ng'ombe, mzee aliuliza kwanza: huyu mtunzaji ni mtu wa namna gani? Kununua hisa ni kumkabidhi mtu ng'ombe.

Sasa tutazame mifano. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 likiwa na kampuni moja tu. Mwaka 2008 hisa za benki ya NMB ziliuzwa kwa wananchi kwa Sh. 600 kila moja. Aliyenunua hisa 100 alitoa Sh. 60,000. Mwaka 2024 hisa hizo zilikuwa zikiuzwa kwa zaidi ya Sh. 4,000 kila moja, na gawio la mwaka 2023 lilikuwa kama Sh. 361 kwa hisa. Kwa hisa 100 ni kama Sh. 36,100 kabla ya kodi, yaani zaidi ya nusu ya mtaji wake, kwa mwaka mmoja. Ni kweli kwamba shilingi ya mwaka 2008 ilinunua mahindi mengi kuliko ya leo, lakini hata hivyo huyo hakupata hasara.

Msishangilie bado. Hisa za CRDB ziliuzwa Sh. 150 mwaka 2009. Mwaka 2015 wanahisa waliuziwa nyongeza kwa Sh. 350. Mwaka 2019 bei ilikuwa imeshuka chini ya ile Sh. 150 ya mwanzo. Mwaka 2023 ikapita Sh. 400. Aliyenunua mwaka 2015 na kulazimika kuuza mwaka 2019 ili alipe ada ya mtoto aliumia. Aliyeweza kusubiri alipona. Nazo hisa za Vodacom Tanzania, zilizouzwa Sh. 850 mwaka 2017, zilikuja kuuzwa chini ya bei hiyo. Jina kubwa halizuii bei kushuka.

Masoko yanayoinukia kama letu yana tabia hiyo. Kampuni zinaweza kukua haraka, lakini wanunuzi ni wachache. Siku unayotaka kuuza, huenda asipatikane mtu wa kununua kwa bei unayoitaka.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Fedha za mikopo ya kikundi zisinunue hisa. Fedha za mfuko wa dharura zisiguswe. Tarehe 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilipoikumba Katesh na vijiji jirani, mahitaji yalikuwa ya siku ileile. Ada ya shule, mbegu na matibabu vitangulie. Kinachobaki baada ya mgawo wa mwisho wa mwaka, ambacho mwanachama anaweza kukaa bila kukigusa miaka mitano, hicho anaweza kukipeleka kwenye hisa kwa hiari yake. Asiyetaka asilazimishwe kwa kura.

Anayetaka asinunue kampuni moja tu. Asiyeweza kuchagua kampuni anaweza kuanza na mfuko wa pamoja, kama Mfuko wa Umoja uliofunguliwa mwaka 2005, ambao ni kama kundi la ng'ombe la watu wengi lenye mchungaji mmoja. Hisa hununuliwa kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Anayekuja kijijini na daftari, akiahidi faida isiyopungua na kukuhimiza ulipe leo, mwulizeni leseni. Kisha mwulizeni shamba liko wapi. Akianza kukasirika, mmekwisha pata jibu.

Ndugu zetu, mali bila daftari huisha bila habari. Rudini vikundini, fungueni madaftari, mhesabu kwanza kilicho cha kesho na kilicho cha miaka mitano ijayo. Mkikuta cha miaka mitano hakipo, si aibu. Endeleeni kuweka, nasi tutazungumza tena mwakani.