Tarumbeta Kambini, Gitaa Sokoni: Miaka ya Mwanzo ya Maroon Commandos

Maroon Commandos ni bendi ya askari. Iliundwa mwaka 1970 katika Batalioni ya 7 ya Kenya Rifles, kwenye kambi ya Langata jijini Nairobi, ikiongozwa na Habel Kifoto, mwimbaji na mpiga gitaa mwenye asili ya Taita. Wanamuziki wake walikuwa wanajeshi wenye namba, vyeo na mishahara, na muziki waliokuja kujulikana nao ulikuwa na magitaa, waimbaji na safu ya wapuliza tarumbeta na saksafoni. Mwaka 1971 wimbo wao "Emily" ulitoka kwenye santuri na kupendwa nchini. Ni vigumu kutaja bendi nyingine ya jeshi la Kenya iliyoingia namna hiyo katika nyumba za raia, kutoka pwani hadi ziwani.

Kinachohitaji maelezo ni ile safu ya wapulizaji. Wakati huohuo bendi nyingi za Kenya zilikuwa za magitaa matupu, na katika Ukambani nzima, kuanzia miji ya Machakos na Kitui hadi masoko ya Yatta na Ekalakala, muziki uliokuwa ukichipuka haukuwa na tarumbeta hata moja. Tofauti hiyo haikuletwa na kipaji, kwa maana Ukambani haijawahi kupungukiwa na wanamuziki. Ililetwa na jambo la kawaida kabisa: gitaa huweza kulelewa na mtu mmoja, lakini tarumbeta hulelewa na taasisi.

Historia ya ala za kupuliza katika Afrika Mashariki inathibitisha hivyo tangu mwanzo. Mwishoni mwa karne ya 19 watu waliokombolewa utumwani na kuwekwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, walikuwa na bendi ya matarumbeta chini ya wamisionari. Vijana wa miji ya pwani waliiona bendi hiyo, wakayaona pia magwaride ya wakoloni, na kutokana na hayo wakatunga ngoma ya beni, yenye vyeo, sare na mashindano makali. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi, Tanganyika ikawa na Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima kuhusu ngoma hiyo mwaka 1975, alionyesha jinsi Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyoieneza: askari na wapagazi waliiokota kambini, wakarudi nayo makwao bara. Mahali palipokosa tarumbeta halisi, watu walijitengenezea ala za vibuyu au wakaimba sehemu yake kwa mdomo. Hamu ilikuwepo kila mahali. Ala zenyewe zilibaki kwa mwenye kambi na mwenye kanisa.

Ukambani iliijua kambi kuliko sehemu nyingi za Kenya. King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, liliandikisha Wakamba kwa wingi uliozidi sana uwiano wao katika idadi ya watu, na maofisa wa Kiingereza walizoea kuwaita kabila la wapiganaji. Uzito wa uhusiano huo ulionekana mwaka 1938. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kuwanyang'anya wafugaji ng'ombe kwa kisingizio cha kuhifadhi ardhi, na Muindi Mbingu akaongoza umati kwenda Nairobi kupinga. Serikali ikalegeza, na sababu mojawapo ilikuwa hofu ya kupoteza imani ya wilaya iliyojaza jeshi na polisi. Kwa hiyo tarumbeta haikuwa kitu kigeni kwa wazee wa Machakos. Waliisikia jeshini kila alfajiri.

Inafaa kuitazama sauti hiyo ya alfajiri kwa karibu. Baragumu la kijeshi halina vitufe. Mpulizaji hupata noti zake kwa kukaza na kulegeza midomo tu, na milio ya kambini, ya kuamka, ya chakula, ya kushusha bendera, hutungwa kwa noti chache ambazo bomba lenyewe huzitoa. Kijana anayefanya kazi hiyo kwa miaka miwili, mvua na jua, hupata kitu ambacho hakinunuliki: misuli ya midomo iliyozoea na pumzi inayotoka tumboni. Akipewa tarumbeta yenye vitufe vitatu, sehemu ngumu ya kazi ameshaimaliza. Atafundishwa vidole na kusoma noti, na baada ya muda ataweza kujibu sauti ya mwimbaji. Batalioni yoyote huwa na vijana wa aina hiyo, ina mahali pa kufanyia mazoezi, ina stoo ya kutunzia ala, ina fundi wa kuzirekebisha, na ina amri inayowafanya wafike mazoezini kwa saa. Bendi ya mtaani hulazimika kukitafuta kila kimoja cha vitu hivyo kwa pesa yake.

Kuna ugumu mwingine, ambao msikilizaji hauoni ingawa kila kiongozi wa bendi yenye wapulizaji amepambana nao. Mpiga gitaa aliyejifunza peke yake hupenda ufunguo wa E, A au G, kwa sababu nyuzi zilizo wazi humsaidia. Tarumbeta ya kawaida imetengenezwa kwa B bapa. Gitaa likipigwa kwa ufunguo wa E, mpuliza tarumbeta analazimika kupiga kwa ufunguo ambao noti sita kati ya saba zimepandishwa nusu sauti, na mwenye saksafoni ya alto hali yake ni mbaya zaidi, kwani kwake zote saba zimepandishwa. Vidole hujifunga, sauti hupotoka, na wimbo uliokuwa mtamu kwa magitaa peke yake huharibika. Dawa yake ni kukubaliana. Mpiga gitaa anahamia C au F, au anabana nyuzi kwa kapo; mpulizaji naye anajifunza kuzizoea funguo ngumu. Zaidi ya hapo, shaba hupanda sauti inapopata joto, hivyo tarumbeta iliyolingana na gitaa saa mbili usiku huwa haijalingana nalo saa nne, ukumbi ukishajaa watu. Makubaliano ya namna hii yanataka watu wanaokutana kila siku, na kambini watu hukutana kila siku wapende wasipende.

Santuri za wakati huo nazo ziliwapa wapulizaji nafasi yao. Sahani ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika chache kila upande, hivyo wimbo mrefu wa dansi uligawanywa mara mbili. Upande wa kwanza ulikuwa wa hadithi: waimbaji wanaeleza kisa, magitaa yanawasindikiza. Upande wa pili mpigo ulichangamka, maneno yakapungua, na hapo ala za kupuliza zikapata uwanja wa kurudia sentensi fupi za muziki juu ya gitaa la solo. Maroon Commandos waliutumia mpango huo kama walivyoutumia Wakongo waliokuwa wakimiminika Nairobi. Lugha waliyoitegemea zaidi ilikuwa Kiswahili, ambayo pia ndiyo lugha iliyowaunganisha askari wa makabila mengi katika kambi moja.

Mwaka 1972 bendi ilipata ajali mbaya ya barabarani, na shughuli zake zikasimama. Bendi ya kawaida ingeishia hapo. Wenye ala wangezigawana au kuziuza, waliosalia wangetafuta ajira kwenye bendi nyingine, na jina lingebaki kwenye lebo za santuri. Maroon Commandos hawakutawanyika kwa sababu wanamuziki wao walikuwa na kazi nyingine ya kufanya wakati midundo imenyamaza: walikuwa askari. Ndani ya miaka michache bendi ilisimama upya, na mwaka 1977 ikatoa "Charonyi ni Wasi", wimbo wa Kifoto kwa lugha ya Kitaita, uliopendwa hata na watu wasiojua neno moja la lugha hiyo. Baadaye "Amka Kumekucha" ulizoeleka asubuhi kwenye redio ya taifa, askari wakiwaamsha raia.

Mafanikio ya 1977 yalipatikana katikati ya ushindani wa kweli. Mwaka mmoja kabla, kundi la wanamuziki lilimwacha kiongozi Mkongo Baba Gaston na kuunda Les Mangelepa mjini Nairobi, bendi ambayo ala zake za kupuliza bado zinasifiwa. Wakongo hawa hawakuwa na kambi, lakini walikuwa na kitu cha kushika nafasi yake: desturi ndefu ya bendi kubwa zenye wapulizaji, iliyokwisha kukomaa Kinshasa tangu African Jazz na OK Jazz za miaka ya 1950, ambamo kijana aliingia akiwa mwanafunzi wa mpulizaji mkongwe. Bendi hizo zilikuwa ndizo shule zao.

Tanzania ilikwenda njia ya Langata kwa mapana zaidi. NUTA Jazz Band ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikiwalipa wanamuziki mishahara, na polisi, jeshi, Jeshi la Kujenga Taifa na mashirika ya umma yakafuata. Ala zilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama aliiacha saksafoni nyuma, naye aliyemrithi akaipokea siku hiyohiyo. Utaratibu huo uliwaudhi wanamuziki wengi waliotaka uhuru wa kazi yao, na malalamiko yao yalikuwa ya haki; hata hivyo ndio uliofanya muziki wa dansi wa Tanzania uwe na wapulizaji kwa miongo kadhaa bila kukatika.

Hata katika muziki wa roki wa Ulaya na Marekani, ambao mara nyingi husimuliwa kama kazi ya vijana waliojifunza chumbani kwao, mambo yalikuwa vilevile pale ala za kupuliza zilipoingia. Bendi ya Chicago ilianza mwaka 1967 katika mji huo ikiwa na tarumbeta, tromboni na saksafoni mbele ya magitaa, na wapulizaji wake watatu, Lee Loughnane, James Pankow na Walter Parazaider, wote walipitia masomo ya muziki katika Chuo Kikuu cha DePaul. Osibisa, iliyoundwa London mwaka 1969, iliongozwa na mpuliza saksafoni Teddy Osei, aliyefika Uingereza kusomea muziki kwa ufadhili wa serikali ya Ghana. Kambi, chuo, ufadhili wa serikali: majina ni tofauti, kazi ni ileile.

Sasa turudi Ukambani. Katikati ya miaka ya 1970, Kakai Kilonzo, aliyezaliwa mwaka 1954 Kilimambogo, aliunda Kilimambogo Brothers Band, na kwa zaidi ya muongo mmoja, hadi kifo chake mwaka 1987, alikuwa sauti kubwa ya benga ya Wakamba. Peter Mwambi na Kyanganga Boys, pamoja na Kalambya Boys, walikuwa katika mkondo huohuo. Muziki wao ulijengwa kwa magitaa mawili au matatu, besi na ngoma. Gitaa la solo lilipanda juu kabisa, likakimbia kwa kasi, likamjibu mwimbaji mwisho wa kila mstari. Ukisikiliza kwa makini utatambua kwamba gitaa hilo linafanya kazi yote ambayo Langata ilifanywa na tarumbeta: kujibu, kuchangamsha, kuutangaza upande wa pili wa wimbo. Haya yalikuwa mafanikio makubwa ya kisanaa, na si haki kuyaita upungufu.

Lakini yalitokana na hali ya maisha. Ekalakala, ambayo leo ni kata katika eneo bunge la Masinga, kaunti ya Machakos, iko katika nchi kavu ambayo mvua zake haziaminiki. Kijana wa sehemu kama hiyo aliyetaka muziki aliweza kuunda gitaa la kwanza kwa debe, ubao na nyuzi za waya, akajifunza kwa kusikiliza redio, kisha akasafiri kwenda Thika au Nairobi kutafuta gitaa la kweli. Hakuna debe linaloweza kugeuzwa saksafoni. Mjomba aliyepuliza baragumu jeshini alirudi na pensheni yake na kumbukumbu zake. Ala yenyewe ilibaki kwenye stoo ya serikali. Hivyo wilaya iliyotoa askari wengi kiasi kile haikupata urithi wa kupuliza, kwa sababu mafunzo yalipotoka kambini hayakuwa na mahali pa kutua.

Mahali hapo panaweza kuwepo sasa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Tarumbeta mbili, saksafoni mbili na tromboni moja, zikiandikwa katika rejista ya mali ya chuo kama mashine za kushonea zinavyoandikwa, zingetosha kuanza. Mwalimu hatakosekana: kila mwaka jeshi, polisi na magereza hustaafisha wapulizaji ambao ujuzi wao hauna mtu wa kuurithi. Serikali ya Kaunti ya Machakos ianze na chuo kimoja Masinga, imwajiri mstaafu mmoja, na ala zibaki mali ya chuo.