Kipupwe Kipumzishe Nyumba Nzima



Kuanzia Juni hadi Agosti, kipupwe hutawala Nyanda za Juu Kusini. Huko Makete na Njombe watu hutembea na makoti mazito, na alfajiri nyingine umande huonekana umeganda juu ya majani. Wapo wanaouona msimu huu kuwa wa uvivu. Hao wanakosea.

Tazameni uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600. Mvua zinaponyesha hujaa maua, zikiwamo aina zaidi ya 40 za okidi, na ndiyo maana ukaitwa Bustani ya Mungu. Wakati wa kipupwe maua hayo mengi hutoweka. Hayakufa. Okidi nyingi zina viazi chini ya ardhi, na humo huhifadhi chakula cha kuchipulia tena. Miti ya matufaha na mapichi nayo hupukutisha majani. Isipopata baridi ya kutosha, huchanua ovyo na kuzaa kidogo. Kumbe kupumzika ni sehemu ya kuzaa.

Na binadamu je? Mahindi yakishavunwa na kupukuchuliwa, familia hupata nafasi ya kuketi motoni na kuulizana: tumepata magunia mangapi? Ya chakula mangapi, ya mbolea, sare na madaftari mangapi? Anayeuza yote kwa pupa wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, huenda akayanunua mahindi hayo hayo kwa bei ya juu ifikapo Februari. Akiba haiozi, lakini akiba huanza kwa kutafakari.

Sasa niulize: katika kikao hicho mama yuko wapi? Mara nyingi baba anaota moto wa kuni alizozifuata mama msituni. Baba anapumzika, mama anateka maji yanayokata vidole, anapika, anafua. Hayo ni mapumziko ya mtu mmoja kwa jasho la mwingine.

Basi kipupwe kikiingia, akina baba na vijana wa kiume washike shoka na ndoo. Mama naye aketi motoni, atoe neno lake, kwani aliyepanda na kupalilia ana haki ya kusemea magunia. Ardhi ikipumzika, wote walioilima nao wapumzike.